Kete Iliyozunguka Ziwa

Ubao wa Lugembe ni kipande cha plaiwudi
kilichowahi kuwa mlango wa kabati.
Kete ni vizibo: kumi na viwili vinatazama mbingu,
kumi na viwili vimelala kifudifudi.
Hapo Mlango Mmoja, kati ya pancha na pancha,
amewala walimu, makondakta, na padri mmoja.

Ubao wangu mimi hauna mbao.
Vyumba vyeusi thelathini na viwili
nimevikunja ndani ya namba moja:
sifuri pasipo na mtu, moja penye kete.
Mashine haitembezi kete mojamoja,
inaisukuma namba nzima kwa pamoja
kama watu wa Kamanga kivuko kikishusha mlango.

Siku ya kwanza nilienda na mbwembwe.
"Inaona nafasi milioni mbili kwa sekunde."
Lugembe akafuta gundi vidoleni.
"Haya, na ione hii."
Hatua ya tisa, kete yangu ikatokea ukingo wa kulia,
ikaibukia ukingo wa kushoto, ikala mbili.
Kimya.
Halafu kijiwe kizima kikalipuka:
"Imetoka Musoma mpaka Bukoba bila meli!"
Nikarudi Kitangiri na aibu mkobani.
Nilisahau kufunga kingo. Mistari miwili tu,
na usiku mzima wa kuitafuta.

Siku ya pili haikuiba. Ikashindwa.
Nilikuwa nimeifundisha kutazama hatua kumi na mbili,
na kukata matawi: ukishajua njia hii ina shimo,
huna haja ya kupima kina chake.
Lugembe akatoa kete. Mashine ikala.
Akatoa ya pili. Kula ni lazima, ikala.
Ya tatu. Kwenye skrini hesabu ilipanda, mia tatu,
nami nikaanza kutabasamu kama mjinga.
Lakini hatua ya kumi na tatu ilikuwa nyuma ya upeo,
kule ambako ukisimama mlima wa Bugando
unaona maji matupu na unaapa hakuna kisiwa.
Kisiwa kilikuwepo.
Kingi yake ikapita, ikafagia nne.

"Kete moja umeiambia ina bei gani?"
"Mia."
"Zote?"
"Zote."
Alicheka mpaka pampu ikaanguka.
"Hata sato hawana bei moja, dada.
Wa asubuhi na wa saa kumi ni samaki wawili.
Kizibo hiki cha nyuma ni mlinzi wa geti,
kile cha katikati ni mgeni. Bei ni mahali."
Nikaandika. Juu ya jedwali la thamani
upo mstari ambao mashine haiusomi:
haya ni ya Lugembe, usiguse.

Mwezi wa nane nikaanzia mwisho.
Kete mbili ubaoni, kisha tatu, kisha nne,
kila hali inayowezekana, kinyumenyume,
kutoka kwenye kifo hadi chanzo chake.
LUKU iliisha mara mbili. Feni ya kompyuta
ilikoroma kumshinda mpangaji wa chumba cha pili.
Zilipotimia sita hapakuwa tena na kukisia:
ushindi, kushindwa, sare.

Siku hizi yeye na mashine hutoka sare,
na watu wamechoka kutazama.
Ila upo mchezo mmoja asioacha kuusimulia,
fainali na marehemu Nkwabi: kingi tatu kwa moja,
Nkwabi akainua mikono, Lugembe akabeba redio.
Redio ipo, juu ya sanduku la viraka.
Jana aliupanga upya ili niuone,
kizibo kwa kizibo, bila kusita.

Usiku nikauingiza. Mashine haikufikiri,
ilifungua jedwali tu.
Sare.
Njia kuu, kona mpaka kona, ilikuwa wazi;
kingi ya Nkwabi ilibakiza hatua moja kuifikia,
na humo asingetolewa na mtu.

Asubuhi Lugembe akaniuliza, "Imesemaje?"
Nikamwambia LUKU iliisha.
Akaongeza sauti ya redio.